Mwache kijana apande mlima jioni, ila aogope waya

Barua zinazofika kwenye meza hii aghalabu huwa ni za shinikizo la damu, kisukari, vidonda vya tumbo na watoto wasiotaka kula. Juma lililopita ilifika moja ambayo, nakiri, niliisoma mara mbili kabla ya kuielewa. Imetoka kwa mama mmoja wa hapa Nairobi ambaye mwanawe ni muuguzi huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Kijana huyo amemweleza mamake kwenye simu kwamba siku hizi akitoka kazini huandamana na wenzake hadi mlimani, hujifunga mbao miguuni, hupanda juu ya theluji gizani kwa saa moja na nusu hivi, hunywa supu kule juu, kisha huteleza kurudi chini kwa mwanga wa tochi. Mama anataka kujua kama huo si wazimu, na kama baridi ya usiku haitauharibu moyo wa mwanawe.

Usicheke, ndugu msomaji. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024, na hata kabla ya hapo wauguzi wetu walikuwa tayari wanaitumikia nchi hiyo. Kwa hivyo swali la mama huyu litakuwa swali la wazazi wengine. Isitoshe, Mkenya na theluji si wageni kabisa. Mnamo 1998 Philip Boit alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Wengi wetu tulijifunza neno skii siku hiyo.

Nitamjibu mama huyu mbele yenu nyote. Jibu langu ni kwamba mchezo huo si wazimu, na kwamba mwanawe anafanya jambo jema kwa siha yake. Hata hivyo, kuna hatari moja ambayo mama hakuitaja hata kidogo, nayo ndiyo ninayoiogopa zaidi kuliko baridi.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Skii za kawaida huteremka tu. Anayezitumia hupandishwa mlimani na lifti za viti au vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Wapandaji wa jioni hawatumii lifti. Chini ya kila skii hubandika utepe mrefu wenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Skii inaposukumwa mbele manyoya hulala na kuiacha iteleze. Ikitaka kurudi nyuma manyoya husimama na kuishikilia theluji. Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi, na mpaka leo huitwa ngozi ingawa sasa hutengenezwa kwa nailoni au kwa manyoya ya mbuzi wa Angora. Kisigino cha kiatu huachwa huru ili mtu aweze kupiga hatua. Akifika juu hubandua ngozi zake, hufunga kisigino, na kuteremka kama wengine.

Huenda ukauliza: milima yote ya Alps imewangoja, kwa nini wapande kwenye miteremko iliyosawazishwa kwa mitambo kwa ajili ya wateja wa lifti? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni maporomoko ya theluji. Mlima ambao haujaguswa ni mzuri kwa macho, lakini theluji yake inaweza kukatika na kumfunika mtu, na takriban watu 100 hufa hivyo katika nchi za Ulaya kila msimu wa baridi kwa wastani. Kupima theluji ya aina hiyo ni elimu ya miaka mingi, na gizani hata mjuzi haoni vizuri. Kwenye mteremko uliosawazishwa hatari hiyo ni ndogo zaidi.

Sababu ya pili ni saa ya ajira, na hapa ndipo ninapomwelewa kijana wetu. Mjini Munich, mwezi wa Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua yapata saa kumi na dakika ishirini jioni. Mwajiriwa huingia kazini kungali giza na kutoka giza limekwisha kurudi. Asipofanya mazoezi usiku hatayafanya mpaka Jumamosi. Ndiyo maana utawaona makarani, mafundi, walimu na wauguzi wakiegesha magari chini ya mlima saa kumi na mbili jioni, kila mmoja na tochi kichwani. Idadi yao imeongezeka sana, hasa tangu msimu wa baridi wa 2020 na 2021, wakati lifti za Ujerumani zilipofungwa kwa sababu ya korona na aliyetaka mlima akalazimika kuupanda kwa miguu yake.

Sasa tuingie mwilini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Kupanda mlima kwa skii kwa saa moja na nusu humaliza sehemu kubwa ya deni hilo kwa jioni moja. Tena ni zoezi linalotumia mapaja, makalio, mgongo na hata mikono, kwa sababu mpandaji hujisukuma kwa fimbo mbili. Magoti hayagongwigongwi kama ya mkimbiaji wa lami. Kwa mtu anayeinua wagonjwa mchana kutwa, hilo si jambo dogo.

Na baridi je? Mama, baridi haimuui mtu anayepanda. Misuli inapofanya kazi, takriban robo tatu ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto, kwa hivyo mpandaji hutoka jasho hata kipimo kikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Taabu huanza anaposimama. Shati limelowa, upepo wa kileleni unavuma, na mara anashuka kwa kasi bila kutumia misuli kama alivyoitumia akipanda. Hapo ndipo mwili hupoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulitengeneza. Dawa yake ni rahisi mno: shati la pili, kavu, ndani ya mfuko wa mgongoni, livaliwe mara tu mtu anapofika juu, kabla ya picha na kabla ya supu. Mwenye pumu ana jambo la ziada la kuangalia, maana hewa baridi na kavu hubana mirija ya pumzi. Tatizo hilo hupatikana hata kwa mabingwa wa skii za masafa. Aende na dawa yake ya kuvuta, aianze safari polepole, na afunike mdomo kwa kitambaa.

Kuhusu moyo, mama ana haki ya kuuliza, ila swali lake linawahusu zaidi wajomba wa kijana kuliko kijana mwenyewe. Watafiti wa Innsbruck, Austria, akiwemo Martin Burtscher, wamechunguza kwa miaka mingi vifo vya ghafla vya moyo milimani. Waliowakuta katika hatari kubwa ni wanaume waliopita umri wa miaka 34, hasa waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wasio na mazoea ya mazoezi magumu. Tena vifo vingi kati ya hivyo hutokea siku ya kwanza ya kukaa mlimani. Ukiyatafakari matokeo hayo utaona kwamba mlima haumtafuti mtu anayeupanda kila juma. Unamtafuta yule aliyekaa ofisini tangu Machi, akanunua vifaa vipya Desemba, na jioni ya kwanza akataka kumpita kijana wa miaka 25 mbele ya wenzake. Mwenye umri huo na apimwe kwanza shinikizo la damu na moyo, na apande kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Hakuna anayepewa nishani kwenye mlango wa mkahawa.

Kuna watakaosema kwamba hewa ya kule juu ni nyepesi. Basi tuhesabu. Kreuzeck, mlima maarufu wa skii juu ya mji wa Garmisch-Partenkirchen, una kituo cha juu cha lifti kwenye mita 1,651 hivi kutoka usawa wa bahari. Nairobi yetu iko karibu mita 1,700. Kwa maneno mengine, kijana huyu anapanda usiku kucha mapafu yakifoka ili afike mahali pasipozidi sokoni Gikomba kwa urefu! Lakini asijivune sana, kwa sababu Munich iko kwenye mita 520 tu, na damu yake imekwisha kuyazoea maisha ya bondeni.

Wapo pia wanaoonya kwamba mazoezi ya usiku huharibu usingizi. Onyo hili nimelisikia hata kwa madaktari wenzangu wa zamani. Mnamo 2019 wataalamu wa chuo kikuu cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walikusanya tafiti 23 juu ya suala hilo na hawakuona ushahidi kwamba mazoezi ya jioni huharibu usingizi kwa jumla. Walichotahadharisha ni mazoezi mazito yanayomalizika chini ya saa moja kabla ya kulala. Mpandaji anayefika nyumbani saa nne na kuoga na kula kidogo, akilala saa tano na nusu, hana deni. Ila asidhani amepata kila kitu. Safari ya usiku haimpi jua, na watu wa ngozi nyeusi wanaoishi kaskazini kiasi hicho hupungukiwa na vitamini D kwa urahisi wakati wa baridi. Amwone daktari wake apimwe damu. Hilo mlima hauwezi kumfanyia.

Kuna faida nyingine ambayo haipimwi kwa kifaa chochote. Giza la saa kumi jioni, chumba kidogo, lugha ngumu, na zamu za hospitali humfanya mgeni awe mpweke, na upweke huzaa huzuni inayoweza kugeuka kuwa ugonjwa. Kijana aliyealikwa na wenzake wa kazini mlimani amepata kitu ambacho kidonge hakileti. Kwa sababu hii peke yake ningemwambia mama asimkataze.

Sasa waya.

Lifti zinapofungwa alasiri, mteremko haulali. Hapo ndipo zamu ya usiku inapoanza. Mitambo mikubwa yenye minyororo kama ya kifaru cha vita hupanda na kushuka ikisawazisha theluji iliyovurugwa na maelfu ya skii, ili ipate saa kadhaa za kugandamana kabla ya asubuhi. Penye mwinuko mkali mtambo hauwezi kujishikilia wenyewe. Kwa hiyo dereva huufunga kwa winchi: waya wa chuma, mwembamba kuliko kidole cha mtu mzima, wenye urefu unaoweza kuzidi mita 1,000, unaofungwa kwenye nguzo au mti juu ya mlima na kuvutwa kwa nguvu ya takriban tani nne.

Fikiri juu ya waya huo gizani. Mtambo wenyewe unaweza kuwa nyuma ya kona au chini ya ukingo, huuoni wala huusikii. Waya unaweza kulegea na kufukiwa na theluji, ukapita juu yake bila habari. Kisha mtambo unapiga kona au unavuta, na waya unaruka juu kama uzi wa gitaa, au unafagia mteremko mzima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tochi ya kichwani haiuonyeshi kwa wakati, hasa kwa mtu anayeteremka kwa kasi. Watu wamekufa hivyo katika milima ya Alps, na wengine wamebaki vilema. Dereva hana kosa: yuko kazini, mteremko umefungwa, na hakutarajia mtu.

Ndiyo maana nasema kwamba mama ameogopa kitu kisichostahili. Wapandaji wengi pia hufanya kosa hilohilo. Wananunua koti la bei kubwa dhidi ya baridi, kisha wanapita kando ya bango jekundu lenye picha ya mtambo na waya kana kwamba ni tangazo la sabuni.

Kampuni za lifti zimelijibu jambo hili kwa njia mbili. Baadhi hupiga marufuku upandaji wote wa jioni, hutundika bango na kwenda kulala. Nyingine hukaa chini na vilabu vya milima na kupanga. Katika vituo vya skii vinavyouzunguka mji wa Innsbruck, na katika sehemu kadhaa za Bavaria ikiwemo Garmisch, kuna jioni maalum za wapandaji. Jioni hiyo njia fulani huachwa bila winchi hadi saa iliyotangazwa, mkahawa wa juu hubaki wazi, na saa hiyo ikifika kila mtu lazima awe ameshuka. Vituo jirani vikiwa na jioni tofauti, mwenye hamu hupata mahali pa kupanda halali karibu kila siku ya juma.

Mimi niko upande wa hawa wa pili, bila kusitasita. Marufuku pekee haimfanyi mtu aache kutafuta afya yake. Humfanya aitafute kwa kujificha, akizima tochi anapoona taa za mtambo, na hakuna kitu cha hatari zaidi ya mpandaji aliyezima tochi. Daktari anayemwambia mgonjwa asile kitu fulani bila kumwambia ale nini ameifanya nusu ya kazi. Mwenye mlima anayekataza bila kutenga saa naye ni hivyo hivyo.

Lakini upande wa pili una malalamiko ya haki, na sitayafunika. Kusawazisha mteremko kunagharimu fedha nyingi, na mpandaji hanunui tikiti. Anaposhuka juu ya theluji iliyokwisha sawazishwa huacha mifereji inayoganda usiku, na asubuhi mtoto anayejifunza skii huangukia humo. Basi alipe ada ya kuegesha gari anapotakiwa, bila kunung'unika. Ni euro chache tu, pungufu ya chakula cha jioni. Pia kuna wanyama. Pembezoni mwa miteremko huishi ndege wakubwa wa jamii ya kwale ambao wakati wa baridi hujificha na kubana nguvu zao. Wakitimuliwa na tochi usiku baada ya usiku huchoka na wanaweza kufa. Kwa hiyo anayeiacha njia na kukatiza msituni kwa kujifurahisha hana utetezi kwangu.

Klabu ya Milima ya Ujerumani imeandika kanuni kumi kwa wapandaji wa miteremko ya lifti, na hakuna hata moja inayohitaji fedha nyingi au akili nyingi. Watu wapande ukingoni mwa njia, mmoja nyuma ya mwingine, si watatu sambamba wakipiga soga. Wavuke tu mahali wanapoonekana, kamwe si nyuma ya ukingo. Wavae nguo zinazong'aa zikimulikwa. Mbwa wabaki nyumbani. Na njia ikifungwa, imefungwa.

Nitaongeza langu moja, ambalo litawaudhi wengine. Mkahawa wa juu huuza bia, na bia ile baada ya jasho ina sifa zake. Lakini pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku joto lenyewe likimtoka, na bado ana mteremko wa giza mbele yake. Supu inatosha. Bia iko pia kule chini, ingawa hata huko kuna gari la kuendeshwa.

Nilipokuwa nikiandika haya nilichungulia dirishani nikaona vijana wetu wakikimbia kando ya barabara saa moja usiku, nguo nyeusi, kati ya matatu na mtaro. Kila mwaka waendao kwa miguu ndio wengi miongoni mwa wanaouawa kwenye barabara zetu. Sisi hatuna mtambo wala winchi, lakini sijasikia ni jioni gani ya juma mkimbiaji wa Nairobi ametengewa njia yenye taa. Hilo ni swali la makala nyingine, na wanaopaswa kulijibu wanajijua.

Turudi kwa mama. Usimkataze kijana wako. Atakapopiga simu Jumapili, muulize mambo matatu. Je, mlima anaokwenda una jioni maalum ya wapandaji, na anakwenda jioni hiyo au nyingine yoyote? Mteremko unapaswa kuwa mtupu saa ngapi, na yeye huanza kushuka saa ngapi? Je, huenda na mwenzake, simu ikiwa na chaji mfukoni, na anajua kwamba namba ya dharura kote Ulaya ni 112? Akikujibu bila kugugumia, lala usingizi. Akianza kucheka na kusema kwamba huko kwao watu hawajali mabango, basi hapo, mama, tumia sauti ile uliyoitumia alipokuwa darasa la tatu. Na umkumbushe shati la pili.